Kabla Hujawapigia Watu wa Kisumu

Njeri,

Soma hii kabla hujashika simu. Umesema jioni hii utawapigia watu wa Kisumu uwaambie hutafika, kazi yao ya studio wampe mtu mwingine, na basi la kesho asubuhi liende bila wewe. Sasa ni saa tisa alasiri. Nimefunga mlango wa kibanda nusu, mabati ya Thika yananichoma utosi, na ninaandika kwa sababu kukuongelesha nimeshindwa. Unajua unavyofanya. Ukitaka kunipinga unahamia upande wangu wa kushoto, pale sikio lilikufa, unamwaga maneno yako yote huko, halafu unarudi upande wa kulia unaniuliza, "Si tumeelewana, Mum?" Karatasi haina upande wa kushoto.

Karis yuko hapo nje anajaribu gitaa. Anarudi Ruiru nikimaliza, nitampa akuletee hapo nyumbani. Usikubali akuimbie kwanza.

Sitakuandikia mambo ya neti ya mbu na maji ya kuchemsha. Una akili. Nitakuandikia mambo ambayo ukiyajua huenda ukataka kubaki zaidi, na bado nataka uyajue.

Jumanne ulipoenda Juja kununua resista, baba yako mdogo Kimani alikuja hapa. Alileta parachichi kwa mfuko, akakaa kwa kiti cha wateja, akatandaza miguu.

"Mama Njeri, maitu anaenda kweli?"

Wewe una jina la mama yake. Tangu ukibebwa mgongoni anakuita maitu, mama yangu, na ulipojua kuongea ukaanza kumtuma vitu naye anakimbia: "Mama amesema mandazi, mimi ni nani nikatae?" Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu. Jumanne sikucheka.

"Anaenda," nikamwambia.

"Siwezi kuruhusu mama yangu atupwe Kisumu."

"Hatupwi. Ameandikwa kazi."

"Na wewe utafanya kazi na nini? Na hilo sikio?" Akapiga meza upande wa kushoto. Mimi niliona bisibisi ikiruka tu, sikusikia kitu. "Unaona? Maitu akienda, hiki kibanda nampa kijana mmoja auze kava za simu. Akibaki, kaeni. Mimi ni mtu wa familia."

Hivyo ndivyo alivyosema, na parachichi akaacha. Unajua kibanda kiko kwa jina lake. Baba yako alipofariki familia ilikaa ikaamua jina liende kwa Kimani kwa sababu ni mwanamume, na siku hiyo mimi ndimi niliyekuwa nikipitisha chai. Meza nimepigilia mimi. Waya za stima nimevuta mimi. Na mpaka leo mtu akiingia na ampulifaya mkononi ananiangalia, anaangalia nyuma yangu, anauliza, "Fundi ametoka?"

Nilitaka kukwambia siku hiyohiyo. Lakini ulipofika nyumbani ulikuwa umeshafikia uamuzi wako. Sijui Kimani alikupata kwa stage gani ya matatu akakwambia nini. Ukasema, "Mum, nimefikiria. Wacha nibaki mpaka mwaka ujao." Nikasema sawa. Nikalala usingizi ambao sijalala tangu barua yako ya kazi ifike. Asubuhi ndipo nilipoogopa, nilipoona vile nimelala vizuri.

Kuhusu sikio Kimani hakudanganya, na hilo ndilo linaloniuma. Mita ya kupimia volti naisoma kuliko mtu yeyote mji huu. Lakini pedali ya fazi haimalizwi na mita, wewe unajua. Labda hujui nililipia vipi kujifunza hilo, maana ulikuwa bado shule ya msingi, uliona tu mama yako akirudi nyumbani amenuna.

Karis alikuwa ndio anaanza kupiga mugithi, nyimbo zetu za Kikuyu, kwa baa moja ya Ruiru, yeye na gitaa lake peke yake, na alitaka pedali hiyo ya fazi, kile kisanduku cha kukanyaga kinachofanya gitaa lingurume kama limepasuka kifua. Kutoka ng'ambo hangeweza kuagiza. Nikamwambia nitamtengenezea. Nilikuwa na transista za jemaniamu, zile za zamani, nilizozing'oa kwa redio za wazee nilizozifuata hadi Ngoliba. Mchoro nilitoa kwa simu. Vipande ni vichache hata vinatia mashaka: transista mbili, kapasita chache, resista za kuhesabika. Nilidhani kazi yenyewe ni solda. Kumbe kazi ni kuipatia transista mahali pa kukaa.

Gitaa likiwa kimya transista haijalala. Iko macho, imeshikilia umeme kiasi fulani, inangoja. Hiyo ndiyo bayasi. Betri ni volti tisa, kwa hivyo ukipima mguu wa kolekta wa transista ya pili ukapata nne na nusu, sauti ina nafasi ya kupanda na ina nafasi ya kushuka. Ukiisukuma sana upande mmoja noti inatoka imekabwa, na mkia wake unakatika kama mtu aliyepaliwa na ugali. Basi nikazungusha ile skrubu ndogo, macho kwa mita, mpaka nne nukta tano kamili. Nikaimwagia tone la rangi ya kucha, ile nyekundu, ikauke isiguswe na mtu. Nikafunga kisanduku. Siku hiyo nilitembea nikijiona injinia.

Jumamosi Karis akapiga simu.

"Mathe, hii kitu inakohoa."

"Inakohoa aje?"

"Inakohoa tu. Watu wananiuliza kama nimemeza nyuki. Kuna msee ameniletea dawa ya kifua mpaka mbele, na kijiko."

Nikamwambia betri yake ni nzee. Akaweka mpya. Akaniletea kisanduku, nikakipima hapa saa sita mchana, nne nukta tano. Nikamwambia kisanduku ni kizima, mgonjwa ni vidole vyake. Akaenda nacho, akarudi nacho. Nikapima tena mchana, nne nukta tano tena. Safari hiyo nilimwambia mbele ya wateja wawili kwamba arudi kwao akalime, gitaa si lake. Nilikuwa na namba mkononi, ningemsikiliza wa nini?

Mara ya mwisho alinikuta nikifungua kufuli, ni Julai, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Kisanduku amekificha ndani ya koti kama kifaranga.

"Pima sasa hivi," akasema. "Pima nikiwa hapa."

Nikapima. Tatu nukta moja.

"Haiya!"

"Sasa ni vidole vyangu?"

"Nyamaza kwanza."

"Ama ni mita imelewa?"

"Mlevi ni wewe, nanusa kutoka hapa. Kaa chini."

Akaenda akaleta chai mbili kutoka kibandani kwa Mama Chapo, tukakaa kila mtu na kikombe chake, mita katikati. Jua likapanda likashika mabati. Tatu nukta tatu. Tatu nukta saba. Hakuna aliyegusa kitu. Kufika saa tano ilikuwa nne nukta nne, sote wawili tunatoka jasho, na Karis akachomeka gitaa likanguruma vizuri mpaka yule jirani muuza nyanya akaacha nyanya zake akaja kuchungulia.

Ni joto, Njeri. Jemaniamu inasikia joto kuliko mtoto mchanga. Nilikuwa nimerekebisha chini ya mabati ya Thika, adhuhuri, kisanduku cha mtu anayepiga Ruiru, nje, jua likiwa limezama kitambo. Namba yangu haikuwa ya uwongo, ila ilikuwa ya hapa tu. Na kwa sababu ya namba hiyo nilimtukana mtu aliyekuwa akiniambia ukweli mara tatu.

Tangu hapo ndio nikaanza kubeba visanduku jioni mpaka nyumbani. Tunasukuma sufuria kando, tunafungua dirisha baridi ya Ruiru iingie, mimi nazungusha, wewe unapiga ile kodi moja ya gitaa unayoijua na kusikiliza. Mita ilitufikisha karibu, ukamalizia wewe. "Rudi kidogo, Mum. Kidogo. Hapo." Nilianza kwa kujifanya nakufundisha. Halafu zile spika za pembe za makanisa, ambazo nimezijaribu kichwa changu kikiwa mdomoni mwazo kwa miaka, zikamaliza sikio la kushoto na kuanza la kulia, na mkia wa noti sikuusikia tena. Sikukwambia mara moja. Nilikuwa nakuuliza "wewe unaonaje?" kama mwalimu anayepima mwanafunzi, kumbe ni mimi nisiyejua jibu. Nadhani ulijua. Ulikuwa unajibu kwa sauti kubwa.

Sasa la Nakuru. Hili umelisikia nusu.

Ulipokuwa darasa la tatu kulikuwa na mtu Nakuru mwenye vyombo vya kukodisha, spika, mikisa, kila kitu, aliyesikia kuna mwanamke Thika anayefufua ampulifaya. Akaniita nikamsimamie karakana. Nilifunga begi. Wewe nilishakuulizia shule huko. Familia wakauliza nani atakaa na kibanda. Kimani akasema ati mtoto aliye na jina la mama yake hawezi kulelewa mahali hawezi kufika kwa mguu. Alisema akicheka, na watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Hakuna aliyefunga mlango. Nilifungua begi mwenyewe nikarudisha nguo kwa kamba. Nikajiambia mwaka ujao, maneno yaleyale uliyoniambia Jumanne.

Mwaka ukaja na ampulifaya za kanisa, mwingine ukaja na redio za matatu. Nimekaa hapa mpaka nalijua kila tundu la msumari kwa hili paa. Sasa hivi mwanga uko juu ya mkono wangu wa kulia, saa kumi utakuwa kwa droo ya solda, na saa kumi na moja utapanda ukutani uishie pale kwa kalenda. Nikiumwa nikilala nyumbani, nauona ukitembea bila mimi. Mtu akiniuliza kwa nini sikwenda Nakuru nilikuwa na jibu moja: nilibaki kwa ajili ya Njeri. Nimelisema kwa chama cha akina mama, nimelisema kanisani, nimelisema ukiwa umekaa hapo pembeni ukiambua maharagwe. Ni jibu zuri, linamfanya mtu aheshimike. Lakini si kweli. Niliogopa. Nilihesabu kila kitu ambacho ningekiacha hapa, hata ile meza, na kule Nakuru nikaandika sifuri kwa sababu sikuwa nimepaona bado. Mimi, mtu wa hesabu.

Na sasa wewe umejifunza kutoka kwangu. Umesema utabaki kwa ajili yangu. Nikikubali, miaka kumi kutoka leo utakuwa ukimwambia mtu, "Nilibaki kwa sababu ya mama," na mimi nitakuwa nimekaa hapohapo upande wa kushoto, nikijifanya sijasikia.

Nisikilize nilichofanya leo.

Asubuhi nilichukua kile kisanduku kipya nilichomjengea Karis nikakitoboa. Tundu moja, upande, pale skrubu ya bayasi ilipo. Umenijua miaka hii yote nikifungia skrubu hiyo kwa rangi ya kucha na kuapa kwamba atakayeigusa asiniletee tena kitu chake. Nilikwangua rangi nikaweka kifundo cha kuzungusha, cha redio, kile cheupe. Karis alipofika nikamsukumia.

"Zungusha mwenyewe."

"Mimi? Si ulisema nikigusa hapo mkono utakauka?"

"Nilisema. Zungusha."

Akanitazama kama ninamtega. Akapiga, akazungusha, akapiga, ulimi nje. Mimi nilikuwa nimeacha mita imeunganishwa, sikuweza kujizuia. Alipita nne na nusu bila kusimama. Akashuka akasimama tatu nukta nane, akapiga wimbo mzima macho yamefungwa.

"Hapa," akasema. "Mathe, hii ndiyo sauti nimekuwa nikitafuta hii miaka yote."

"Na hukuwahi kusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umepaka kucha."

Tatu nukta nane! Mimi na wewe tungemrudisha nne na nusu na kumwambia amepona. Nimekasirika, nakwambia ukweli. Nimekasirikia miaka, nimemkasirikia Karis, nimekasirikia chupa ya rangi ya kucha. Lakini nimeelewa pia kwamba kazi ile ambayo sikio langu haliwezi, mwenye gitaa anaiweza. Mimi nitajenga, nitapima nione hakuna kinachoungua, nitamkabidhi. Kwa kazi hiyo sikuhitaji wewe. Niandike tena usije ukaruka mstari: kwa kazi hiyo sikuhitaji wewe, Njeri. Nikikukosa itakuwa ni kukukosa tu.

Saa saba nikampigia Kimani. Nikamwambia mwisho wa mwezi kibanda ni chake, amlete kijana wa kava.

"Umekasirika, Mama Njeri."

"Sana. Lakini kibanda chukua."

"Na maitu?"

"Mama yako anaenda Kisumu. Ukitaka kumwona utapanda basi kama watu wengine."

Nikaibana simu kwa sikio la kulia. Halafu akasema, "Alishawahi kunituma mandazi nikiwa na homa, nikaenda." Kwa sauti ndogo sana. Sijui nifanye nini na hilo. Simchukii, na ingekuwa rahisi zaidi kama ningemchukia. Mpigie ukifika, si kwa sababu yangu.

Usidhani nimekuwa shujaa. Hapa watu wanaona kibanda wakipita. Pale kwetu, nitakapofanyia kazi sasa, ni ghorofa ya tatu, nani atapanda ngazi na spika begani? Na sitoki mbali. Natoka kwa sanduku la mabati naingia kwa sanduku la mawe, mji mwingine, umri ukiwa umeenda. Usiku mwingine nitaona nimejifungia mwenyewe. Angalau hilo la mawe lina dirisha, na baridi yake ndiyo baridi ya watu wanaonunua.

Kwa hivyo kuna jambo moja tu nakuomba, na ni la vipimo.

Leo kabla sijatoka nyumbani, ukioga, niliingia chumbani kwako na mkanda wa kupimia. Meza ya kazi inaingia chini ya dirisha, na rafu ya vipuri inaingia nyuma ya mlango. Meza na kitanda pamoja haviingii. Nimepima mara mbili, nimejaribu hata kukiegemeza kitanda ukutani kwa hesabu, havikubali. Basi kitanda nimempa Mama Brayo wa ghorofa ya chini. Vijana wake wanakuja kukichukua kesho saa nne asubuhi, na basi lako linaondoka saa mbili. Ukiwapigia watu wa Kisumu uwaambie huendi, sawa, wewe ni mtu mzima, lakini kesho utalala kwa kochi, na keshokutwa, na mimi nitakuwa huko ndani natoa moshi wa solda. Ukija kutembea pia ni kochi, nitakutandikia vizuri.

Unaweza kusema nakufukuza. Ni kweli, kidogo.

Wapigie. Waulize ni nani atakayekupokea stendi na amevaa nini. Mimi nafunga hapa, nakuja na mbao za meza na ile misumari mirefu. Nikifika nikute umeshatoa mashuka kitandani.

Mama yako,
Wairimu